Uliza Safari: Ufaransa kwa miguu, mitaa ya zamani na maswali yenu

Kamwene na ugonile wasomaji wote wa Nyanda za Juu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba miji ya zamani ya Ufaransa unaifaidi ukitembea kwa miguu, sio ukikaa dirishani kwenye basi la watalii, basi toka siku hiyo simu haijapumzika. Yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaacha kama wengi mlivyoomba, na msiojibiwa msinune, nafasi ndo hii.

SWALI: Habari za kazi. Mi nimepata mafunzo ya kazini Lyon, wiki mbili, mwezi wa tano. Nasikia kuna njia za siri zinapita ndani ya majumba ya watu, unaingia mlango huu unatokea mtaa mwingine kabisa. Mtu unaruhusiwa kuingia tu hivihivi? Manake huku kwetu nikikatiza uani kwa mtu nisiyemjua naitiwa mwizi. (Dada wa Forest, Mbeya)

Nzuri dada, na hongera kwa safari. Hizo njia zipo, wenyewe wanaziita traboules, na siku hizi siri hazina tena, ila milango yake ni ya kawaida mno haina makeke, ndo maana mtu anaipita asubuhi na jioni bila kujua kuna nini nyuma yake. Sababu yake ni ardhi. Vieux Lyon, yaani mji wa zamani, umebanwa kati ya mto Saône na kilima cha Fourvière, mitaa mirefu yote inafuata mto na ya kukatiza ni michache, kwa hiyo watu wakatoboa humohumo majumbani, ua kwa ua, kama vile vichochoro vya nyuma ya maduka pale Mwanjelwa ila hivi vina dari la mawe na ngazi za kuzunguka ambazo we mwenyewe utasimama uziangalie. Ile ndefu kuliko zote za mji wa zamani unaingilia namba 54 rue Saint-Jean, unapita nyua na korido mpaka shingo inachoka kuangalia juu, unatokea namba 27 rue du Bœuf. Sukuma mlango, kama kuna kitufe pembeni bonyeza, ukifunguka ingia, ukigoma achana nao huo ni wa wenyewe.

Kuhusu ruhusa, baadhi ya wenye majengo wamekubaliana na halmashauri ya mji kwamba mlango uwe wazi mchana na wapita njia wapite, mji nao unasaidia usafi na taa. Kwa hiyo we si mwizi. Ila kumbuka juu ya kichwa chako kuna familia zinaishi, kuna mtoto kalala, so sauti chini, na tafadhali usipige picha ya dirisha la mtu wala nguo alizoanika. Nenda asubuhi, watu wachache na wewe unatembea kwa nafasi.

Sasa wengi wakimaliza hapo wanarudi hotelini, hapo ndo wanapokosea. Vuka mto upande kilima cha pili, Croix-Rousse. Huko ndo walikokuwa wanaishi wafumaji wa hariri, canuts, na utawajua kwa majumba yao kwanza: madirisha marefu, dari juu kabisa, kwa sababu mashine ya kufumia ya Jacquard ilikuwa ndefu haiingii kwenye chumba cha kawaida, nyumba ilibidi imfuate mashine sio mtu. Hariri ikishafumwa ilishushwa kwa matajiri chini kwa kupitia njia hizohizo za ndani, mvua isiilowanishe. Mwezi wa 11 mwaka 1831 matajiri wakagoma kulipa bei ya kazi iliyokuwa imekubaliwa, wafumaji wakashuka kilimani na bendera nyeusi imeandikwa kuishi tukifanya kazi au kufa tukipigana, wakaushika mji kwa siku kadhaa kabla jeshi halijaurudisha, na 1834 ikalipuka tena. Ukifika uliza Cour des Voraces, ua mmoja wenye ngazi kubwa za mawe zinapanda ghorofa na ghorofa, simama hapo katikati. Na miaka ya vita ya pili ya dunia, wapiganaji wa chinichini waliokuwa wanawapinga Wajerumani walizitumia hizi traboules kupotelea. Mi nikipewa siku moja tu Lyon, lile kanisa la Fourvière naliangalia kwa mbali, siku nzima naimalizia Croix-Rousse.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Iringa. Binti yangu ameolewa Strasbourg na ananiita nikamuone mjukuu. Ningependa kuona mji wa kale lakini magoti yangu hayataki milima tena, hata njia ya Gangilonga siku hizi naiangalia tu. Je huko kuna vilima?

Shikamoo mwalimu. Binti yako amekuchagulia vizuri, Strasbourg ni tambarare kama meza. Sehemu ya zamani inaitwa Grande Île, ni kisiwa kimezungukwa na mikono ya mto Ill, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1988, na unaizunguka taratibu unakaa unapumzika unaendelea. Anzia kwenye kanisa kuu. Limejengwa kwa jiwe la rangi ya waridi kutoka milima ya Vosges, mnara wake ni mita 142, na kuanzia 1647 mpaka 1874 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Utashangaa mnara upo mmoja, wa pili haukuwahi kujengwa, likabaki hivyohivyo na watu wamelizoea. Mwambie mkweo asikushawishi kupanda ngazi za juu. Kaa uwanjani chini, pembeni hapo kuna nyumba inaitwa Maison Kammerzell, ya mbao iliyochongwa kila sehemu mpaka kwenye fremu za madirisha, we isome ile nyumba kama kitabu, kuna sura za watu humo.

Halafu nendeni Petite France polepole. Watalii wanaenda kupiga picha maua na maji lakini we angalia mapaa: utaona yana safu za uwazi juu kwa juu, huko walikuwa wanaanika ngozi, mtaa huu ulikuwa wa watengeneza ngozi na walikaa kando ya maji kwa sababu kazi yao inataka maji mengi na inanuka. Leo chumba kimoja pale ni hela ndefu, zamani matajiri walikuwa wanaziba pua wakipita.

Siku nyingine pandeni treni mpaka Nancy, ni kama saa moja na kitu. Pale kuna uwanja unaitwa Place Stanislas na mi nasema wazi sijaona uwanja mzuri kuliko huo Ufaransa nzima, wanaobisha wabishe. Huyo Stanislas Leszczyński alikuwa mfalme wa Poland akapoteza kiti chake, binti yake akiwa ameolewa na Louis wa 15 mfalme wa Ufaransa, akapewa eneo la Lorraine alitawale mpaka kufa kwake. Akajenga huo uwanja kati ya 1752 na 1755 ili kuunganisha mji wa zamani na mji mpya, ramani akachora Emmanuel Héré, na mageti ya chuma yenye dhahabu akafua Jean Lamour. Kwa miaka mingi magari yalikuwa yanaegeshwa humohumo, mwaka 2005 wakayatoa yote, sasa ni watu kwa miguu tu. Tambarare kabisa mwalimu, unakaa na kahawa yako jua likizama ile dhahabu inawaka.

SWALI: Mambo. Mi mwanafunzi wa chuo hapa Mkwawa, hela sina ila ndoto ninayo. Kutembea kwa miguu si ni bure? (Msomaji wa Iringa)

Kutembea bure, kufika ndo shughuli. Viza ya Schengen, yaani ile ya nchi za Ulaya Ufaransa ikiwemo, ya muda mfupi ni euro 90 toka mwezi wa sita 2024, na wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, hapo sijataja tiketi ya ndege. Kwa hiyo tafuta ufadhili wa masomo au mafunzo kwanza, utembee kwa mgongo wa safari hiyo. Ukishafika mambo yanalegea: mitaa bure, viwanja bure, makanisa mengi bure, Paris makumbusho ya mji yenyewe maonyesho ya kudumu hulipii, mfano nyumba aliyoishi mwandishi Victor Hugo pale namba 6 Place des Vosges, uwanja uliozinduliwa 1612 na una matao pande zote hata mvua ikinyesha unatembea. Mgahawani ukiomba jagi la maji ya bomba hawakulipishi, na chakula cha mchana kina bei ya chini kuliko cha usiku. Ukiweza kupanga tarehe, lenga wikiendi ya tatu ya mwezi wa tisa, siku za urithi, zilianza 1984, majumba ambayo mwaka mzima yamefungwa, ikulu, mahakama, ofisi za serikali, yanafunguliwa wananchi waingie. Foleni zake sasa, jiandae.

SWALI: We mwandishi unatusifia mitaa ya wazungu ya miaka mia tano. Sisi hapa Mbeya Uhindini nyumba za zamani zinavunjwa kila leo zinapandishwa vioo. Wenzetu wamewezaje? Ni pesa tu au? (Kijana wa Mwanjelwa)

Kaka umeniuliza swali ambalo nalipenda kuliko yote leo, tulia nikujibu. Kwanza hawakuwa malaika. Paris unayoiona ya majumba meupe yamepangwa sawasawa, ile ni matokeo ya bomoabomoa, kati ya 1853 na 1870 Haussmann, kiongozi wa serikali aliyesimamia mji, alikata mabarabara mapana katikati ya mitaa ya zamani na maelfu ya watu wa hali ya chini wakasukumwa pembezoni. Lyon hiyohiyo niliyomsifia dada juu hapo, Louis Pradel aliyekuwa meya kuanzia 1957 alitaka barabara kubwa ipite katikati ya mji wa zamani, na wakati huo Vieux Lyon ilikuwa mtaa wa kimaskini, kuta nyeusi, vyoo vya shida, watu wa maana walikuwa wanaona aibu kuutaja. Waliouokoa walikuwa wenyeji, walikuwa na chama chao toka 1946, wakapiga kelele mpaka Paris, halafu 1962 waziri wa utamaduni André Malraux akapitisha sheria inayolinda mtaa mzima, sio jengo moja moja kama zamani. Hapo ndo penyewe kaka, mtaa mzima. Kabla ya hapo ungeweza kulinda kanisa halafu ukavunja nyumba zote zinazolizunguka, kanisa likabaki limesimama peke yake kama mjane. 1964 Vieux Lyon ikawa eneo la kwanza kulindwa kwa sheria hiyo, na baadaye mtaa wa Marais wa Paris nao ukanusurika.

Kwa hiyo pesa ipo ndiyo, ila ilitangulia kelele.

Na upande wa pili nisikufiche: majumba yalibaki, watu wengi hawakubaki. Mtaa ukishakarabatiwa kodi inapanda, fundi viatu aliyekuwepo anaondoka anakuja mwenye duka la manukato. Ukitembea Marais leo utaona uzuri mwingi na utajiuliza wale mafundi wako wapi.

La tatu, mengi unayoyaona ya zamani sio ya zamani hivyo. Saint-Malo, mji wa mabaharia kule Brittany, ndani ya kuta sehemu kubwa iliungua 1944, wakaujenga upya kwa jiwe lilelile la granite na leo mgeni hawezi kujua, kuta za nje ndo za kweli na unatembea juu yake ukizunguka mji wote na bahari chini yako. Carcassonne, ule mji wa ngome wenye minara 52, msanifu majengo Viollet-le-Duc alianza kuikarabati 1853 na yale mapaa yenye ncha alivyoyaweka watu wanabishana naye mpaka leo na alishakufa siku nyingi. Rouen mi ndo imenifurahisha zaidi, pale Place du Vieux-Marché walipomchoma moto Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa vita wa Ufaransa, mwaka 1431 hawakujenga kanisa la kuigiza zamani, walijenga kanisa jipya kabisa, likafunguliwa 1979, umbo lake la ajabu kidogo, halafu ndani wakaweka vioo vya rangi vya karne ya 16 vya kanisa jingine lililobomoka 1944, vioo vilikuwa vimeshatolewa na kufichwa mapema ndo maana vikapona. Nyumba za mbao zilizopinda zipo mtaa wa pili tu. Unaona, kulinda sio lazima kila kitu kifanane na picha ya babu.

Huku kwetu mfano upo, Boma ya Iringa ni jengo la Wajerumani na toka 2016 ni makumbusho, watu wanaingia. Ila ni jengo moja. Kanda ile ya sokoni ya Iringa au hiyo Uhindini yako ingelindwa kama mtaa, na baraza zake na maduka yake, hapo tungekuwa tunaongea kitu kingine.

SWALI: Ugonile. Nimesoma kwamba majumba mazuri ya Nantes na Bordeaux yamejengwa kwa pesa za kuuza watumwa. Ni kweli, na mtu akitembea huko anaona nini? (Mama wa Tukuyu)

Ndaga mama. Ni kweli, na vizuri umeuliza kwa sababu vipeperushi vingi vya utalii vinapita hapo harakaharaka. Nantes ndo ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa kwa biashara hiyo. Tembea mtaa unaoitwa Île Feydeau, zamani kilikuwa kisiwa baadaye maji yakafukiwa, nyumba za wenye meli bado zipo, zimelala kidogo upande kwa sababu ardhi chini ni laini, na juu ya madirisha na milango kuna sura zimechongwa kwenye mawe. Kutoka hapo fuata mto Loire mpaka quai de la Fosse, kuna kumbukumbu ya kukomeshwa utumwa iliyofunguliwa 2012, hulipii. Njiani chini ya miguu yako kuna vipande vya kioo karibu 2,000 vimetawanywa kwenye sakafu, vingi vimeandikwa jina la meli na mwaka wake. Unatembea unasoma, meli, mwaka, meli, mwaka. Baadhi ya majina ya meli ni ya upole hivi huwezi kuamini ilibeba nini.

Bordeaux wamechelewa zaidi kusema. Watu wanajaa Place de la Bourse, mbele yake kuna maji membamba yametandazwa chini toka 2006 jengo linajiona humo, watoto wanacheza, raha. Inua macho kwenye zile sura za mawe juu ya madirisha ya uwanja huo, utakuta chache zina nyuso za Kiafrika. Kisha tembea ukingo wa mto Garonne utafute sanamu ya mwanamke, Modeste Testas, imewekwa 2019. Alizaliwa Afrika Mashariki upande wa Ethiopia, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa Saint-Domingue, ndo Haiti ya leo. Amesimama kichwa juu anaangalia mto.

Na mama usidhani haya yalikuwa ya Afrika Magharibi tu. Mwaka 1776 Mfaransa anaitwa Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka wapelekwe visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo, na wengi waliouzwa Kilwa walitokea bara, huku ziwani Nyasa, kwa hiyo ukisimama kwenye zile nyumba zilizolala za Nantes we sio mgeni sana kwenye habari hiyo.

SWALI: Bando likikata nikapotea je? (Wengi, wengine na emoji za kulia)

Mji wa zamani unatakiwa upotee kidogo jamani, ni mdogo, utatokea tu mtoni au kanisani. Kwa Paris kuna ujanja: mtaa unaoanzia upande wa mto Seine namba zinaanza mtoni zikipanda unajua unaondoka mtoni, na unaoenda sambamba na mto namba zinafuata maji yanakoelekea. Wilaya zake 20 zimejizungusha toka katikati kama konokono. Dijon ndo rahisi kuliko kote, chini kwenye lami wamepachika vibati vya shaba vyenye bundi, unavifuata vituo 22 mpaka mji umeisha, na bundi mwenyewe wa jiwe yupo ukutani kwa kanisa la Notre-Dame, wenyeji wanamgusa kwa mkono wa kushoto wakiomba jambo, ameguswa mpaka uso umefutika. Bibi zetu wangesema hilo bundi bora liachwe, ila huko ni bahati.

Ukiuliza njia, anza na bonjour kabla ya neno lolote. Ukiruka salamu ukaenda moja kwa moja kwenye swali utajibiwa kwa mkato, halafu urudi kusema Wafaransa wana roho mbaya. Watu wa huku hilo haliwezi kutushinda, sisi salamu tu ni dakika tano.

SWALI: Mi wa Njombe, baridi naijua. Niende mwezi gani na nivae nini?

Kaka, baridi ya Njombe mwezi wa saba unavaa koti unaendelea na shamba, Strasbourg mwezi wa kwanza maji yanaweza kuganda nje na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, utatembea saa ngapi? Nenda mwezi wa tano, wa sita au wa tisa. Mwezi wa sita jua linakaa mpaka kwenye saa nne usiku, siku moja unaifanya mbili. Wa nane wenyeji nao wanaenda likizo, vimaduka vingi vya mtaani vinabandika karatasi mlangoni vimefungwa. Jumapili mchana maduka mengi kimya, na makumbusho mengine yanafungwa Jumatatu mengine Jumanne, hakikisha kabla hujatoka. Mvua ipo wakati wowote beba kikoti chepesi. Viatu: mitaa ya zamani imetandikwa mawe, kisigino hakifai na soli nyembamba utaisikia kila jiwe, chukua raba yenye soli nene, na usiinunue wiki ya safari, ivae hapo Njombe mwezi mzima kupanda na kushuka mpaka ilegee ndo uondoke nayo.